Tairi pana kwenye gari la zamani: kufupisha ekseli ya nyuma

Wengi huanza na tairi. Wananunua, wanafunga, zinatokeza nje ya madigadi, ndipo wanatafuta fundi wa kukata ekseli. Anza na shafti, chuma kilicho ndani ya bomba la ekseli kinachozungusha gurudumu. Bomba la ekseli mwenye grenda yeyote atalikata. Shafti ikikataa, kazi imeishia hapo.

Chomoa shafti zote mbili, zipime unene kwa venia, kile kipimo cha kubana. Ukikata ncha inayoingia kwenye difu, yaani gia za katikati ya ekseli, meno mapya yatachongwa pale ulipokatia, na hapo shafti isiwe nyembamba kuliko meno ya zamani. Shafti nyingi za gari ndogo hukonda baada ya meno, hizo hazichongeki. Fundi akikwambia atatoa kipande cha katikati na kuunga kwa welding, chukua shafti zako uondoke. Chuma hicho kimepewa ugumu kiwandani, na moto wa welding huacha sehemu dhaifu kando ya mshono. Kwenye ekseli nyingi za gari ndogo shafti ndiyo inayoshika gurudumu: ikikatika, tairi linatoka nayo. Hebu fikiria hilo likitokea unashuka mlima Kitonga.

Kuna njia nafuu. Baadhi ya ekseli tumbo la difu halipo katikati, kwa hiyo shafti moja ni fupi. Tafuta fupi ya pili ya aina ileile, kisha kata bomba la upande mrefu tu. Hakuna meno ya kuchonga.

Sasa vipimo. Gari liwe limesimama chini kwa uzito wake, tairi jipya limefungwa kwenye rimu yake na kujazwa upepo, upime upana wake halisi mahali lilipotuna. Tuseme ni tairi la saizi 225/50R15 kwenye rimu ya inchi 7 yenye ofseti sifuri, yaani inafungwa katikati kabisa ya upana wake, na umepata milimita 230. Kati ya kingo za ndani za madigadi ni 1,460. Toa 25 kila upande, maana springi za majani huyumba kwenye kona: inabaki 1,410. Toa 230, yaani nusu ya tairi kila upande: 1,180. Huo ndio umbali kutoka uso wa habu, pale rimu inapofungwa, hadi uso wa habu wa pili. Ekseli uliyonayo ikiwa 1,340, utapunguza 160. Angalia na ndani: 1,180 kutoa 230 ni 950, toa tena 25 kila upande, kwa hiyo springi na chesisi visizidi 900. Usibane nafasi hiyo. Udongo wa Rungwe wakati wa mvua hujaa pale na kusaga tairi.

Saizi hiyo ina kimo cha milimita 606, karibu sawa na 165R13 ya zamani. Ukiweka 225/60R15 kimo kinafika 651, na mlima wa Uyole kwenda Tukuyu utaupanda kwa gia ya chini zaidi.

Kabla ya kukata, mwaga oili, toa difu, sahani za breki na sili. Kata bomba mbali na tumbo. Tumbo la chuma cha kumimina lisiguswe na welding ya kawaida. Mwambie mkerezaji akutengenezee fimbo nene iliyonyooka, ipite kwenye vikalio vya beringi za difu na vya beringi za nje. Bila fimbo hiyo bomba litapinda, na beringi na sili zitakufa mapema. Kuunga bomba, tumia elektrodi (vijiti vya welding) za 7018 zilizo kavu. Choma vipande vifupi kwa kupishana pande, acha kipoe chenyewe. Maji hapana. Fimbo ikigoma kuzunguka kwa mkono, bomba limepinda.

Rudisha shafti ukiwa umepaka meno rangi, chomoa tena uone zimeingia kiasi gani; zijae kwenye gia za difu bila kugota katikati. Vikalio vya springi vichomee mwishoni, pua ya difu ikiwa sambamba na shafti ya giaboksi au imeinama digrii moja au mbili. Ikikosewa, propela, ile shafti ndefu ya kutoka giaboksi hadi difu, itatetemeka. Propela ibakize milimita 20 hivi za kuingia kwenye giaboksi. Paipu za breki na waya wa hendibreki vipimwe upya, oili ya difu iwe 80W-90 GL-5.

Pakia magunia mawili ya mahindi, pita tuta taratibu, kisha kagua ndani ya madigadi. Baada ya kilomita 50 kaza tena nati na ushike habu: ya upande mmoja ikiwa moto kuliko mwenzake, bomba halijanyooka au breki imebana.