Somo: Dakika kumi kabla ya kusoma kifungu cha ufahamu

Walimu wenzangu, wakubwa shikamooni, wengine habari za kazi. Nafundisha Kiswahili darasa la sita hapa Iringa. Leo nazungumzia zile dakika kumi za mwanzo ambazo wengi wetu huzimaliza kwa "fungueni ukurasa wa 20, haya, soma wewe". Mtoto asiyetafuta kitu husoma hadi nukta ya mwisho, ukimuuliza ameelewa nini, anakutazama tu.

Mfano wangu ni kifungu nilichoandika mwenyewe kuhusu fuvu la Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani; alipokufa mwaka 1898 fuvu lake lilichukuliwa na Wajerumani. Kalenga, iliyokuwa makao yake, ni jirani, na jina la Mkwawa wote wamelisikia.

Hatua ya 1. Vitabu vifungwe. Andika kichwa cha habari peke yake ubaoni: "Safari ya Miaka 56". Uliza: nani alisafiri? Andika kila wanachokisia, hata ambacho si sahihi, na uso wako usiwaambie kitu.

Hatua ya 2. Ongeza dokezo dogo. Mimi huandika "Kalenga" na "Ujerumani". Hapo darasa huchangamka. "Ni Mkwawa!" "Mkwawa hakwenda Ujerumani, alijipiga risasi!" Waache wabishane.

Hatua ya 3. Hapa ndipo penye uzito. Andika sentensi tatu, kila mtoto aweke *kweli* au *si kweli* kwenye daftari kwa kalamu ya wino, asije akafuta baadaye:

- Wahehe waliwashinda Wajerumani Lugalo mwaka 1891.
- Mkwawa alikamatwa akiwa hai.
- Mkataba uliofuata Vita Kuu ya Kwanza ulitaja fuvu la Mkwawa.

Ya tatu hugawa darasa. Ni kweli: Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ilikabidhi fuvu hilo. Ila usiseme! Ukijibu sasa, hawana tena sababu ya kusoma. Mwaka huu binti mmoja alikuwa ameandika "si kweli". Aliweka rula chini ya mstari, akaishusha mstari kwa mstari akitafuta neno "mkataba", na wenzake hawajafika hata nusu akaita: "Mwalimu, kumbe upo!" Mtoto huyo huwa hasomi kwa hiari.

Hatua ya 4. Msamiati: yale maneno tu ambayo bila hayo habari haieleweki. Mimi nilitoa matatu: fuvu, mkataba, gavana (kwa sababu Twining, gavana Mwingereza wa Tanganyika, ndiye aliyelirudisha fuvu mwaka 1954). Orodha ya maneno kumi na tano huwachosha kabla hawajaanza. Mengine wayakisie humo humo ndani ya sentensi.

Hatua ya 5. Wasome kimya, kisha warudi kwenye alama zao. Anayebadilisha jibu aoneshe mstari uliombadilisha.

Maswali ya walimu wanachama, kila mmoja kwa jina la anakotoka

*Tukuyu:* Mwalimu, nina watoto 90 na vitabu havitoshi. Nitawezaje?

Hatua tatu za kwanza hazihitaji kitabu. Sentensi ziwe ubaoni, wabishane kwa dawati, halafu wanyooshe mikono uhesabu kura. Wakati wa kusoma, kitabu kimoja dawati moja, mmoja asome kwa sauti ya chini, wengine wawinde jibu.

*Makambako:* Kwenye mtihani hakuna makisio. Hatupotezi muda?

Kwenye mtihani dokezo lipo, ni yale maswali chini ya kifungu. Mfundishe ayasome kwanza, akisie, ndipo apande juu kusoma. Aliyezoea kutafuta darasani hufanya hivyo bila kukumbushwa.

*Mbeya mjini:* Vipi lile jedwali la Najua, Nataka Kujua, Nimejifunza?

Lile la safu tatu, mbili mtoto anajaza kabla ya kusoma na ya mwisho baada ya kusoma? Ni zuri, tena lina umri. Donna Ogle wa Marekani alilitoa mwaka 1986. Linafaa habari za maarifa. Kwa hadithi silipendi, maana mtoto hawezi kusema anajua nini kuhusu watu ambao hajakutana nao. Hadithi ibashiriwe.

*Vwawa:* Nataka kuandika kifungu kuhusu kimondo cha Mbozi. Nianzeje?

Una bahati, kimondo kiko kwenu! Kwa sehemu kubwa ni chuma. Nenda darasani na jiwe la mtoni na kipande cha chuma cha ukubwa uleule, vipite mkono kwa mkono. Kisha uliza: kilichoanguka Mbozi kutoka angani kinafanana na kipi? Waandike jibu, ndipo ugawe vitabu.