Kuhamia ndani ya basi: ya kumaliza kabla hujang'oa kiti cha kwanza

Karibu kila anayeniuliza habari za kugeuza basi kuukuu kuwa nyumba huanza na aina ya basi la kununua. Mimi humuuliza kwanza: barua zako zitafikia wapi? Ukiwa ughaibuni, kibali cha kuishi, akaunti ya benki, daktari, shule ya watoto, hata bima ya hilo basi lenyewe, vyote vinaning'inia kwenye anwani. Mzawa akikosa barua moja ya serikali huenda akatozwa faini. Wewe ukikosa barua ya kuitwa kwenye usaili wa uhamiaji, unaweza kupoteza miaka.

Sheria hazifanani. Marekani, karibu kila asiye raia anatakiwa kuiarifu idara ya uhamiaji ndani ya siku 10 baada ya kuhama. Ujerumani unapewa wiki 2 kujiandikisha kwenye makazi mapya, na gari huhesabiwa kuwa makazi pale tu linapokaa mahali pamoja au kuhamishwa kwa nadra. Uingereza, mwenye viza anapaswa kutoa taarifa anapobadili anwani. Ndugu au rafiki akikukubalia utumie kwake kupokea barua, shukuru, lakini iite jina lake: anwani ya barua. Usiijaze penye swali la mahali unapolala. Uongo mdogo kwenye fomu ya uhamiaji hukaa kimya, kisha hufufuka siku unapoomba uraia. Kama bado uko kwenye viza, keti saa moja na mwanasheria wa uhamiaji kabla hujatoa amana ya basi. Nasema hivi kwa kuwa ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote.

Kwenye makaratasi bado ni basi

Ung'oe viti, upake rangi, uweke kitanda na jiko: kwenye kadi ya usajili litabaki basi la abiria mpaka mamlaka ibadilishe daraja lake. Uingereza, DVLA, idara inayosajili magari, huangalia hata sura ya nje, na gari lenye kitanda na jiko zuri ndani linaweza kukataliwa kwa sababu kwa nje bado linaonekana basi. Marekani, majimbo mengi yanataka basi la shule lipoteze rangi yake ya manjano na taa zake za kusimamisha magari kabla mtu binafsi hajaliendesha. Piga picha za kila hatua ya kazi, kuta zikiwa wazi na zikiwa zimefungwa. Mkaguzi atazihitaji, na kampuni ya bima pia.

Bima itafute mapema. Zipo kampuni zinazokataa kabisa gari lililogeuzwa na mwenyewe, na zipo zinazokubali likiwa linatumiwa likizo tu lakini si kama makazi ya kudumu. Waambie wazi kwamba utaishi humo, upate jibu kwa maandishi.

Leseni uliyokuja nayo kwa kawaida hutumika kwa muda tu, na hata ukishaibadilisha huenda isitoshe. Ulaya na Uingereza, leseni ya kawaida ya daraja B huishia kilo 3,500, na C1, ya malori ya kati, huishia kilo 7,500. Basi kubwa huzipita zote mbili. Marekani majimbo mengi hayadai leseni ya kibiashara kwa nyumba binafsi ya magurudumu, ila baadhi yake hudai daraja la pekee uzito ukizidi pauni 26,000. Siku ya kulileta kutoka kwa muuzaji, kumbuka bado ni basi kisheria, hivyo tafuta dereva mwenye leseni ya basi.

Bisibisi mfukoni

Basi la kwanza nililokwenda kukagua lilikuwa linang'aa. Muuzaji aliliwasha, injini ikaitika mara moja, nikaanza kuwaza kitanda kitakaa wapi. Kisha nikafunua pembe ya raba ya sakafuni nyuma ya gurudumu la nyuma. Chini yake plaiwudi ilikuwa nyeusi, imelainika. Nilipochomeka bisibisi ikazama mpaka kwenye mpini, na nilipochungulia nikaona lami.

Kwa hiyo nenda na bisibisi, tochi na nguo za kulalia chini ya gari. Gonga mihimili ya chasisi, hasa pale yanapofungwa magurudumu na springi. Kutu ya juu juu isikutishe. Inayobanduka kwa matabaka kama gome la mti ndiyo ya kuikimbia, hasa kwenye nchi zinazomwaga chumvi barabarani wakati wa theluji. Soma ubavuni mwa matairi tarakimu 4 za mwisho za msimbo unaoanza na herufi DOT: 3518 maana yake wiki ya 35 ya mwaka 2018. Tairi lenye kashata nzuri linaweza kuwa zee la kupasuka. Injini iwashwe ikiwa baridi kabisa mbele yako. Ukikuta muuzaji ameshaipasha moto kabla hujafika, omba kurudi siku nyingine. Na simama wima ndani bila kofia, kisha toa kwenye urefu huo unene wa sakafu mpya na dari mpya. Mtu mrefu akiinama miaka mitatu, mgongo utamdai.

Maji yanayotoka hewani

Hapa ndipo wengi tuliotoka nchi za joto tunapokosea, na ndipo ningependa usome polepole. Tunadhani adui ni baridi, kumbe ni unyevu. Pumzi, mvuke wa sufuria, taulo lililolowa, vyote hurusha maji hewani, na hewa hiyo ikigusa bati baridi huyaacha pale pale. Majira yangu ya kwanza ya baridi niliamka asubuhi moja nikaona dari ya mbao imejaa matone yaliyopangwa kwa mistari iliyonyooka. Kila kichwa cha skrubu kilikuwa na tone lake. Skrubu zilikuwa zimepita kwenye mbao na sponji mpaka kwenye mbavu za chuma za basi, zikawa zinaiingiza baridi ndani moja kwa moja. Nilipofungua ubao mmoja, nyuma yake kulikuwa na ukungu mweusi.

Ilibidi nianze upya, na utaratibu nilioufuata ndio ninaokupa. Ondoa mabati ya ndani yote, hata yanayoonekana mazima, kwa sababu pamba iliyo nyuma yake mara nyingi imekwisha kulowa. Toa madirisha unayobaki nayo, safisha raba, weka gundi mpya. Yale usiyoyahitaji yazibe kwa bati, maana kioo kimoja chembamba hupoteza joto kuliko ukuta wowote utakaoutengeneza. Ziba matundu ya boliti za viti. Sugua kutu kwa brashi ya waya, paka dawa, kisha rangi ya kuzuia kutu. Halafu mwagia basi zima maji kwa mpira, mtu akiwa ndani na tochi. Usifunike chochote mpaka maji yasiingie popote.

Kwa kuzuia baridi kuta na dari, povu la kupuliza lenye vijishimo vilivyofungwa hushika kwenye chuma bila kuacha nafasi ya hewa, na ndilo ninaloliamini zaidi. Lakini kemikali zake ni hatari, kwa hiyo mwachie fundi mwenye vifaa, na ujue kulitoa ni kazi. Ukitumia mbao za povu gumu, zikatwe zibane, nyufa zijazwe. Pamba ya mawe iliyogusana na bati bila kizuizi cha mvuke upande wa ndani italowa. Kwa vyovyote vile, mbavu za chuma zifunikwe kabla ya kufunga mbao, na skrubu za dari ziishie kwenye mbao, zisiguse chuma.

Kisha acha hewa ipite. Feni ya darini na tundu la chini, zote wazi kidogo hata usiku wa theluji. Na usipashe joto kwa jiko la gesi au hita isiyo na bomba la kutoa moshi nje: kilo moja ya propeni ikiungua huzalisha karibu kilo 1.6 za maji, pamoja na hatari ya kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu inayoua watu wakiwa usingizini. Hita ya dizeli inayotoa moshi nje, au jiko la kuni lenye dohani, hukausha nyumba. Kengele ya kaboni monoksaidi na ya moshi zifungwe kabla ya usiku wa kwanza. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo kabati la mtungi liwe na tundu sakafuni linalotoka nje. Mlango wa dharura wa nyuma usiuzibe kwa kitanda.

Uzito ni hesabu nyepesi inayosahaulika. Lipeleke basi kwenye mizani likiwa tupu, soma kibao cha uzito wa juu unaoruhusiwa, na tofauti ndiyo bajeti yako. Lita 300 za maji ni kilo 300. Matangi yakae chini, kati ya ekseli. Mzigo ukirundikana nyuma sana, magurudumu ya mbele huwa mepesi na usukani hautii.

Umeme nao, usihesabu jua la ikweta. London mwishoni mwa Desemba mchana haufiki urefu wa saa 8, na jua linapita chini chini, kwa hiyo paneli zinazotosha Juni hazitoshi hapo. Panga chaji kutoka kwenye injini na soketi ya uwanja wa kuegesha. Betri za lithiamu hazichajiwi chini ya nyuzi 0, zikae ndani penye joto. Fyuzi kuu iwe karibu kabisa na betri, na nyaya za volti 230 zikaguliwe na fundi mwenye kibali.

Usirudishe funguo za nyumba ya kupanga bado. Lala ndani ya basi wiki mbili za baridi ukiwa umeegesha mahali unaporuhusiwa, pika humo, oga humo, anika taulo humo. Kila asubuhi, kabla ya kupandisha hita, pitisha kidole kwenye fremu za madirisha na kwenye pembe za nyuma ya kitanda. Kidole kikirudi kimelowa, fungua ukuta huo sasa, wakati bado una pengine pa kulala.