Somo: Kuchora ramani ya Rasi ya Antaktiki kwa QGIS bila kuipotosha pwani

Desemba 1928 Hubert Wilkins, Mwaustralia, alipaa kwa ndege kutoka Deception Island na kuruka juu ya rasi hii kuelekea kusini. Akiwa angani aliona mabonde mapana yaliyojaa barafu, akayadhani kuwa mikono ya bahari inayoikata nchi kutoka upande mmoja hadi wa pili. Ramani zikafuata maneno yake, na rasi ikachorwa kama msururu wa visiwa. Ni msafara wa John Rymill wa 1934 hadi 1937, uliotumia ndege ndogo pamoja na sleji za kukokotwa na mbwa, uliothibitisha kwamba nchi ni moja na imeungana na bara.

Barafu ilimficha Wilkins umbo la nchi, na inaweza kumficha yeyote anayechora leo kwa kompyuta. Kwa hiyo katika somo hili hatua ya tatu, ya pwani, ndiyo nitakayokaa nayo zaidi.

Hatua ya 1: Pakua data

QGIS ni programu ya bure ya kuchora ramani kwa kompyuta. Mstari wa pwani uchukue kwenye Antarctic Digital Database ya SCAR, kamati ya kimataifa ya utafiti wa Antaktiki. Data za mwinuko zipo REMA, zilizotengenezwa kwa picha za satelaiti. Zote ni bure.

Hatua ya 2: Weka projeksheni sahihi

Projeksheni ni njia ya kuilaza dunia ya mviringo kwenye karatasi bapa. Wengi wetu tumezoea UTM, inayoigawa dunia kwa kanda, kanda ya 36 au 37, au ramani za kwenye simu. Zile za simu hutumia Mercator, ambayo hukatika karibu na latitudo 85 na kuigeuza Antaktiki yote kuwa utepe mweupe uliolala chini ya dunia. Chagua projeksheni yenye namba EPSG:3031. Hapo ncha ya kusini inakaa katikati na rasi inajitokeza upande wa kushoto.

Usishtuke ukiona kaskazini haiko juu. Kwenye projeksheni hii kila longitudo ina kaskazini yake, na rasi iko karibu na longitudo 65 magharibi. Ukifika kwenye ukurasa wa kuchapisha, zungusha ramani kama digrii 65 kwa mwelekeo wa saa, rasi itasimama wima. Kisha mshale wa kaskazini uweke ufuate kaskazini ya kweli, usifuate gridi.

Hatua ya 3: Tenganisha pwani

Ukifungua tabaka la pwani utaona kila kipande kimeandikiwa aina yake. Usivipake vyote rangi moja. Kuna mahali mwamba unagusa bahari. Kuna mahali barafu iliyolala juu ya mwamba inafika majini na kuishia hapo. Halafu kuna barafu inayoelea: imeteremka kutoka nchi kavu, ikaingia baharini, ikaanza kuelea ingali imeshikamana na nchi. Hii ya tatu ina mistari miwili, ule ambapo barafu inaachana na mwamba na kuanza kuelea, na ule wa mbele kabisa inapoishia.

Mstari wa mbele ndio unaohama. Pwani ya mashariki, upande wa bahari ya Weddell, kuna barafu zinazoelea ziitwazo Larsen. Larsen A ilivunjika 1995. Mapema 2002 kipande cha Larsen B cha takriban kilomita za mraba 3,250 kilisambaratika ndani ya wiki chache. Julai 2017 Larsen C ilimega siwa barafu A-68, lenye kama kilomita za mraba 5,800, zaidi ya mara tatu ya kisiwa cha Unguja. Anayetumia mstari wa pwani wa 1990 anachora barafu ambayo haipo.

Basi tumia rangi tatu, na ndani ya ufunguo wa ramani andika tarehe ya data. Ramani ya rasi hii isiyo na tarehe mimi siiamini hata ikipendeza namna gani.

Hatua ya 4: Mwinuko

Tengeneza kivuli cha milima kutokana na REMA. Utaona uti wa mgongo wa rasi: Graham Land kaskazini, nyembamba na yenye miteremko mikali, na Palmer Land kusini, pana zaidi. Mkutano wa sehemu hizo mbili ni karibu na latitudo 69. Andika jina la Mount Hope, mita 3,239. Hadi 2017 ilihesabiwa kuwa fupi kuliko Mount Jackson yenye mita 3,184. Vipimo vya satelaiti ndivyo vilivyoupandisha juu.

Jihadhari: mwinuko wa REMA hupimwa kutoka elipsoidi ya WGS84, yaani umbo laini la dunia la kimahesabu, haupimwi kutoka usawa wa bahari. Usiuchanganye na namba za ramani za zamani.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Bando langu ni dogo na kompyuta ina RAM ya GB 4. REMA ya mita 2 nitaiweza?*

Marahaba. Huihitaji. Rasi ina urefu wa kilomita 1,300 hivi. Kwenye A4, kwa skeli ya 1:5,000,000, itachukua sentimita 26. Kwa skeli hiyo mita 500 ni sehemu ya kumi ya milimita, jicho haliioni. Pakua ile ya mita 500, na ya mita 100 ukitaka kukuza eneo moja.

*Alexander Island imeshikana na rasi kwenye ramani yangu. Nimekosea wapi?*

Hujakosea, ndugu. Ni kisiwa, lakini kati yake na Palmer Land mlango wa bahari wa George VI umejaa barafu inayoelea. Baharia Bellingshausen alikiona 1821, na hadi 1940 watu walikihesabu sehemu ya bara. Wavumbuzi Ronne na Eklund walipopita na sleji ndipo ikajulikana ni kisiwa. Paka mlango huo rangi ya barafu inayoelea, kisiwa kitajitokeza chenyewe.

*Ramani ya Chile inasema Tierra de O'Higgins, ya Argentina Tierra de San Martín. Niandike lipi?*

Nchi hizo mbili na Uingereza zote zinadai eneo hilo, na Mkataba wa Antaktiki wa 1959 umeyaacha madai yalivyo bila kuyakubali wala kuyakataa. SCAR ina orodha ya majina yenye matoleo ya kila nchi. Chagua nchi moja, ufuate majina yake kwenye ramani nzima, na useme hivyo kwenye ufunguo.

*Nimepima Larsen C, eneo linatoka kubwa kuliko vyanzo vingine kwa asilimia 2 hivi.*

Umepima karatasi bapa. EPSG:3031 iko sawa kwenye latitudo 71 tu. Kadiri unavyokwenda kaskazini inatanua. Kwenye mipangilio ya mradi weka elipsoidi ya WGS84, halafu kwenye kikokotoo cha QGIS tumia $area, inayofuata elipsoidi, badala ya area(@geometry), inayopima karatasi bapa. Ukitaka kuhakikisha, hamishia tabaka EPSG:6932, inayotunza ukubwa wa eneo, upime tena. Majibu mawili yakikaribiana, tumia lile la $area.