Neil Simon: anza na maandishi, filamu baadaye

Mimi nilikosea, nilianza na filamu. Nilipokuja kusoma The Odd Couple, tamthilia ya Mmarekani Neil Simon, kila neno la mhusika Oscar lilinijia kwa sauti ya Walter Matthau, aliyemwigiza kwenye filamu; nyingine sikuisikia tena. Wewe anza na tamthilia, na usiisome kimyakimya. Tafuta mwenzako mgawane: mmoja awe Oscar, mchafu asiyejali, mwingine Felix, anayefuta meza watu wakiwa katikati ya karata. Uchekeshaji wa Simon umo kwenye pumzi kati ya jibu na jibu. Jicho peke yake huipita.

Mkimaliza ndipo mtazame filamu ya 1968, kalamu mkononi. Andikeni kila mahali kamera inapotoka nje ya nyumba. Jukwaani, mwaka 1965, kila kitu kilitokea sebuleni kwa Oscar, New York. Filamu, ambayo hati yake aliiandika Simon mwenyewe, inaanza na Felix hotelini: anataka kujirusha, dirisha halifunguki, anaambulia maumivu ya mgongo. Ila tazameni ugomvi wa tambi. Huo haukutolewa nje. Wanaume wawili walioachana na wake zao wanachekesha kwa sababu hawana pa kukimbilia, na Simon alilijua hilo kutoka kwa kaka yake Danny, aliyewahi kuishi na rafiki baada ya talaka.

Hapa niliungua. Nilikuwa na igizo la wapangaji wawili wanaogombania bafu moja. Nilipolifanya video nikawapeleka sokoni, stendi, hadi ufukweni, nikijiona mtaalamu. Hakuna aliyecheka. Kumbe mgombanaji anayeweza kupanda daladala akaenda zake hana ugomvi! Nikawarudisha uani.

Kisha chukueni Barefoot in the Park, tamthilia nyingine ya Simon, ya 1963, filamu 1967. Jukwaani ngazi hamzioni. Mnaona tu mtu anaingia akihema, kwani nyumba iko juu na lifti hakuna. Jaribuni kuingia hivyo mara tano, kila mara kwa mhemo tofauti. Ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana.

The Sunshine Boys (1972, filamu 1975) iacheni mwisho. Mwigizaji George Burns alipata tuzo ya Oscar kwa filamu hiyo, lakini ninyi mtazameni Matthau tena, safari hii mzee, anavyohangaika na komeo la mlango wake mwenyewe. Pimeni kwa saa anachukua muda gani.