Kuzuia nguzo ya banda isioze kwenye zege
Nguzo ya mti iliyosimikwa kwenye zege kwa kawaida haianzi kuoza chini kabisa ya shimo, bali karibu na usawa wa ardhi, mahali ambapo unyevu na hewa hukutana. Kwa hiyo anayejenga banda la ng'ombe kwa nguzo za mkaratusi zilizotiwa dawa asiliache zege likiwa bapa au, vibaya zaidi, likiwa na kishimo kama kisahani kuizunguka nguzo, kwa kuwa mti ukikauka husinyaa na kuacha ufa mwembamba unaokunywa maji kila mvua inyeshapo. Zege lipandishwe sentimita 5 hivi juu ya ardhi, kisha literemshwe kwa mwiko pande zote, mfano wa paa la msonge. Chini ya shimo zitandazwe kokoto sentimita 10 na kushindiliwa ili maji yapate njia. Wapo wanaoifunika hata ncha ya chini kwa zege, nalo hugeuka bakuli. Ncha iliyokatwa kwa msumeno baada ya nguzo kutiwa dawa ielekezwe juu, maana dawa haifiki kwenye kiini. Nguzo ikishanyooshwa kwa timazi, iegemezwe kwa mbao na isiguswe kwa siku 3.