Kiti cha mtiki, kipindue kwanza

Ukitafuta viti vya zamani vya mtiki huku Mikindani au Lindi mjini, usikubali kupendezwa na vanishi. Pindua kiti. Chini ya kikalio mbao huwa haijapakwa kitu: mtiki una rangi ya asali iliyokolea, na ukipitisha kidole unahisi mafuta kidogo. Mninga huelekea wekundu. Ni mbao nzuri sana, ila usiulipie bei ya mtiki. Kisha shika mgongo, tikisa. Ikiwa ni ulimi tu uliolegea, yaani ncha ya mbao inayoingia kwenye tundu la kiungo, seremala ataufungua na kuugundisha upya. Lakini palipopigwa misumari, ikaota kutu kwa hewa yetu ya bahari, mara nyingi mbao imeshapasuka. Sponji iliyochakaa isikutishe, hubadilishwa.