Mishipa ya miguu imevimba na kujisokota, ufanyeje
Kwa nyie mnaosimama kutwa nzima, walimu, manesi, wauza duka, sikieni. Ile mishipa myembamba myekundu au ya bluu kama utando wa buibui mara nyingi haina shida, ukitaka iondoke daktari anachoma sindano ya dawa inayoiziba. Ila ile minene iliyojisokota, jioni mguu mzito unauma, hapo vali za ndani, yaani vilango vinavyozuia damu isirudi, zimelegea damu inarudi chini, kwa hiyo usikimbilie kuchua, kapigwe kwanza ultrasaundi ya doppla, kipimo kinachoonyesha damu inavyotembea kwenye mishipa, waone tatizo liko wapi. Siku hizi wanaziba mshipa kwa leza au mawimbi ya redio, mara nyingi ni ganzi ya sehemu tu na unarudi nyumbani siku hiyohiyo, ikishindikana wanachoma dawa ya povu, nayo ikishindikana ndipo wanapasua.

Soksi za kubana vaa asubuhi kabla hujashuka kitandani, mguu ukiwa haujavimba, na nyoosha mikunjo yote maana inaumiza ngozi. Mwenye kisukari kabla hajazivaa apimwe kwanza kama damu inafika vizuri miguuni, hili msilipuuze jamani.

Mshipa ukipasuka lala, inua mguu, kandamiza kwa kitambaa safi dakika 10 bila kuchungulia, damu ikigoma kukata wahi hospitali.